Chumvi Ilivyopanda Ufipa

Wafipa wa zamani walijitosheleza kwa mengi. Chuma walikiyeyusha wenyewe katika malungu, matanuru ya udongo yenye kimo cha mita 3 hivi, ambayo magofu yake yameendelea kusimama mashambani miaka mingi baada ya moto wake kuzimika. Nguo walizifuma kwa pamba ya mabondeni. Ulezi waliupanda juu ya ntumba, yale matuta ya mviringo ambayo ndani yake nyasi hufukiwa zioze ziwe mbolea, na kwa ujuzi huo walilisha watu wengi katika uwanda ulio wazi, wenye miti michache na upepo mkali. Kitu kimoja kiliwapa shida: chumvi. Chumvi nzuri ilibidi ifuatwe mbali.

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza iliteremka Lyamba lya Mfipa, ule ukingo mkali unaotoka kwenye uwanda wa juu na kushuka karibu mita 1,000 hadi bonde la Ziwa Rukwa, kisha ikaelekea kusini hadi Ivuna, ambayo leo imo mkoani Songwe. Hapo watu walichemsha maji ya chumvi kwenye vyungu tangu kale. Wanaakiolojia Brian Fagan na John Yellen walipachimba katika miaka ya 1960 na kukuta marundo ya vigae na majivu ya kazi iliyokuwa ikiendelea tangu karne ya 13 hivi. Njia ya pili ilitoka kaskazini, Uvinza, kwenye chemchemi za mto Rusugi. Utafiti wa John Sutton na Andrew Roberts, uliochapishwa mwaka 1968, ulionyesha kwamba Uvinza ilikuwa na watengeneza chumvi tangu karne ya 5 au ya 6. Kila kiangazi watu walimiminika pale kuchemsha maji, watawala wa Kivinza wakatoza sehemu yao, na chumvi ikasafiri mabegani na mitumbwini kuzunguka Ziwa Tanganyika. Richard Burton alipopita mwaka 1858 aliikuta biashara hiyo imekomaa. Wajerumani walipoitwaa nchi waliweka mitambo pale pale na kupaita Gottorp.

Chumvi hiyo ilikuwa na thamani, ilinukia safari, na ilikolea. Lakini ilikosa kitu ambacho hakuna mwonjaji angeweza kukigundua kwa ulimi. Ilikosa madini joto.

Historia ya Ufipa imeandikwa kwa chuma, kwa ulezi na kwa watawala wa ukoo wa Twa. Roy Willis, mwanaanthropolojia aliyeishi na Wafipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliandika sana kuhusu simulizi la wanawake watatu wageni waliofika Milansi na kuutwaa utawala wakati mwenyeji wao hayupo. Kuna historia nyingine ya wanawake wa uwanda huu ambayo haikupata msimuliaji, ingawa ilikuwa wazi kwa kila mwenye macho, maana ilikaa shingoni. Ni historia ya rovu, ambalo wengi leo wanaliita goita au tezi ya shingo.

Madini joto asili yake ni bahari. Hupanda na mvuke, hurudi na mvua, hukaa kwenye udongo, na kutoka kwenye udongo huingia kwenye mazao na maziwa. Sumbawanga iko zaidi ya kilomita 800 kutoka pwani ya Bahari ya Hindi kwa mstari ulionyooka, katika mwinuko wa mita 1,800 hivi. Kinacholetwa na mvua ni kidogo, na mvua hiyo hiyo, kwa mamia ya maelfu ya miaka, imeosha miteremko na kupeleka kilichokuwapo mabondeni na ziwani. Mahindi yanayostawi pale hadi Rukwa ikahesabiwa miongoni mwa mikoa inayolisha taifa, maharage, viazi, ulezi: vyote vinashibisha, na vyote vina upungufu ule ule wa udongo vilipoota. Dagaa na migebuka ya Kirando na Kasanga ni samaki wa maji baridi, hivyo hawana utajiri wa madini joto walio nao samaki wa baharini. Hata chumvi ya bahari yenyewe, ikishaanikwa juani, hubaki na madini joto haba. Hili huwashangaza wengi. Mpaka mtu ayaongeze kwa makusudi, chumvi ni chumvi tu.

Mwili unahitaji kidogo mno. Mtu mzima hutosheka na mikrogramu 150 kwa siku, na mjamzito 250. Kiasi cha maisha yote hakifiki kujaza kijiko cha chai. Lakini hicho kidogo hakina mbadala. Tezi ya thairoidi, iliyokaa mbele ya koo kwa umbo la kipepeo, huyachukua madini hayo na kutengeneza homoni ambazo kila punje yake hubeba atomi 3 au 4 za madini joto. Homoni hizo ndizo zinazoamua moyo upige kasi gani, joto la mwili liwe kiasi gani, chakula kisagwe upesi au taratibu, hedhi ije lini, na ubongo wa mtoto aliye tumboni ujengeke vipi. Madini yakikosekana, ubongo huiamuru tezi ifanye kazi zaidi, nayo huvimba ikijaribu kukamata kila chembe inayopita. Uvimbe ule ni juhudi ya mwili kujiokoa.

Wanawake ndio walioulipia zaidi upungufu huo. Msichana anapovunja ungo mahitaji ya tezi hupanda, hupanda tena kila mimba, na kila anaponyonyesha sehemu ya madini hutoka na maziwa. Mwanaume wa kijiji hicho hicho, mla chakula hicho hicho, angeweza kufika uzeeni na shingo nyembamba huku mkewe akivimba baada ya uzazi wa tatu. Palipokuwa na upungufu mkali, mwanamke aliharibu mimba, alizaa mtoto mfu, au alizaa mtoto asiyesikia wala kusema, aliyedumaa mwili na akili. Tezi iliyochoka ilimfanya mama mwenyewe awe mzito, asikie baridi kuliko wenzake, ngozi ikauke, sauti ikwaruze, hedhi ije nyingi kupita kiasi au ipotee kabisa. Sumbawanga ya mwezi Julai ni baridi kweli kweli. Mwanamke aliyetetemeka kuliko jirani zake hakuwa na namna ya kueleza kwamba baridi yake inatoka ndani.

Tiba ya hospitali ilifika ukanda huu kupitia Karema, kwenye mwambao wa Tanganyika chini ya uwanda, ambako Mapadri Weupe walikabidhiwa ngome ya Wabelgiji mwaka 1885. Mganga wao mashuhuri alikuwa Adrien Atiman, aliyezaliwa karibu na Timbuktu mnamo 1866, akatekwa utumwani angali mtoto, akakombolewa na mapadri hao na kusomeshwa udaktari Malta. Alifika Karema mwaka 1889 na kutibu watu hadi alipofariki mwaka 1956, miaka 67 bila kurudi kwao. Hospitali ya jimbo mjini Sumbawanga ina jina lake hadi leo. Katika muda wa utumishi wake dunia ilikuwa imeshajifunza karibu yote yanayohitajika kuhusu tezi. Kilichokosekana ni njia ya kuyafikisha maarifa hayo kwenye chungu cha mama wa Kifipa.

Bernard Courtois, mtengeneza malighafi ya baruti wa Ufaransa, aligundua madini joto kwenye majivu ya mwani mwaka 1811. Mwaka 1820 Jean-François Coindet wa Geneva alikuwa tayari anawapa wagonjwa wa rovu. Mwaka 1891 George Murray, daktari wa Newcastle, Uingereza, alimdunga mwanamke wa miaka 46 majimaji yaliyokamuliwa kwenye tezi za kondoo. Mama yule alikuwa amevimba uso, mzito wa kusema, amekata tamaa. Alipona, akaishi miaka 28 zaidi kwa dawa hiyo, na hesabu ya Murray ilionyesha kwamba tezi za kondoo zaidi ya 870 zilitumika kumtunza. Baadaye homoni yenyewe ilitengwa Marekani mwaka 1914 na kutengenezwa maabara Uingereza mwaka 1927, kondoo wakapumzika.

Ushahidi mkubwa kabisa ulitolewa na wasichana wa shule. Kuanzia mwaka 1917, David Marine na Oliver Kimball waliwapa wanafunzi wa kike wa mji wa Akron, jimbo la Ohio, dozi ndogo za madini joto mara mbili kwa mwaka. Kati ya wasichana 2,190 waliomeza, 5 tu walipata rovu. Kati ya 2,305 ambao hawakumeza, walipata 495. Uswisi, nchi ya milima iliyokuwa imezoea shingo nene kwa karne nyingi, ilianza kuuza chumvi yenye madini joto mwaka 1922, na Michigan ikafuata mwaka 1924.

Ufipa ilisubiri miaka 70 zaidi. Hakuna sababu nzuri ya kusubiri huko. Tanganyika ya Mwingereza ilikuwa na serikali, barabara za kukusanyia kodi na viwanda vya chumvi. Haikuwa na mtu aliyeona shingo za wanawake wa kusini magharibi kuwa jambo la haraka.

Pengo hilo la tiba na maelezo halikubaki tupu. Kati ya mwaka 1963 na 1964 wimbi la Kamcape lilipita Ufipa, vijana wakienda kijiji hadi kijiji kuwafichua wachawi na kuwatakasa kwa dawa, na Willis alilishuhudia na kuliandikia makala iliyotoka mwaka 1968. Katika ukanda huu wote, mimba zinazoharibika, mtoto asiyesema na ndoa isiyo na uzazi ni misiba iliyomfanya mtu amtazame jirani yake kwa jicho baya, au amtazame mke wake hivyo. Ukiwa na ugonjwa unaoharibu uzazi, ukausambaza kwenye vijiji vingi, na ukakosa maelezo, lazima mtu atalaumiwa. Mara nyingi aliyelaumiwa ni mgonjwa mwenyewe.

Mwangaza wa kwanza ulitoka kwa majirani. Michael Latham, daktari aliyezaliwa Kilosa mwaka 1928 na aliyeongoza kitengo cha lishe cha wizara ya afya ya Tanganyika, alichapisha mwaka 1965 uchunguzi wa rovu katika Ukinga, milima ya Nyanda za Juu Kusini, na kuonyesha kwamba pale tezi iliyovimba ilikuwa hali ya kawaida ya watu. Mwaka 1973 Bunge likaunda Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania. Mwaka uliofuata Sumbawanga ikatolewa Mbeya na Mpanda ikatolewa Tabora, ukazaliwa mkoa wa Rukwa. Taasisi ile mpya ilituma wapimaji wilaya baada ya wilaya, na ramani waliyoichora katika miaka ya 1980 iliweka rangi nzito kwenye mikoa ya milima: Iringa, Mbeya, Rukwa, Ruvuma, Kigoma na mingineyo. Katika wilaya 27 zilizoathirika zaidi, watoto wa shule 61 kati ya kila 100 walikuwa na tezi iliyovimba.

Kipimo chenyewe hakihitaji mashine. Mpimaji huketi mbele ya mtoto, huweka vidole gumba pande mbili za koo, na kumwambia ameze mate. Tezi hupanda na kushuka chini ya vidole. Upande mmoja wake ukizidi ukubwa wa pingili ya mwisho ya kidole gumba cha mtoto huyo huyo, hilo ni rovu. Likisikika bila kuonekana huandikwa daraja la 1. Likionekana shingo ikiwa imenyooka, daraja la 2. Ni kipimo kilichochukuliwa kwenye miili ya watoto kuonyesha udongo umekosa nini.

Kwa kuwa kutia madini kwenye chumvi ya nchi nzima kungechukua muda, serikali ilianza na vidonge. Kati ya mwaka 1986 na 1994, kwa msaada wa Sweden, vidonge vya mafuta yenye madini joto viligawiwa katika wilaya hizo 27, kwa watu walio kati ya miaka 1 na 45, wakihesabiwa kufikia milioni 5. Dozi moja iliweza kuutosheleza mwili kwa karibu miaka 2. Kazi ilikuwa ngumu. Vijiji viko mbali, masika hukata njia, na mzunguko uliopangwa kurudi kila baada ya miaka 2 ulichelewa kwa zaidi ya mwaka. Mzunguko wa kwanza ulifikia kiasi cha theluthi mbili ya walengwa. Wa tatu haukufikia hata nusu. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza maelfu ya mabinti wa nyanda za juu walibeba mimba wakiwa na madini ya kutosha mwilini.

Miaka kadhaa baadaye vidonge vile vilizua mjadala mbali sana na hapa. Mwaka 2009 wanauchumi Erica Field, Omar Robles na Maximo Torero walichapisha utafiti uliolinganisha watoto wa Tanzania ambao mama zao walifikiwa na vidonge wakati wa ujauzito na wale ambao hawakufikiwa. Walikadiria kwamba waliofikiwa walipata kati ya theluthi moja na nusu ya mwaka zaidi ya masomo, na faida ilikuwa kubwa kwa wasichana. Wachunguzi wengine waliorudia hesabu hizo wamesema matokeo ni dhaifu kuliko yalivyotangazwa, na ubishi huo ni wa haki. Kinachobaki bila ubishi ni elimu ya mwili: ubongo wa mtoto tumboni hauwezi kukua sawasawa bila homoni ya tezi, na katika miezi ya mwanzo homoni yote anayoitumia ni ya mama.

Chumvi ndiyo iliyomaliza kazi. Mwaka 1994 zilitungwa kanuni zilizokataza kuuza chumvi ya mezani isiyotiwa madini joto. Mkutano wa Dunia wa Watoto wa mwaka 1990 ulikuwa umeweka lengo la kuutokomeza upungufu huu, na Tanzania ililichukulia kwa uzito. Uvinza, ile ile ya vyungu na kodi za watawala, ikalazimika kunyunyizia iodeti ya potasiamu. Mabwawa ya chumvi ya Bagamoyo, Tanga, Lindi na Mtwara, mengi yakiwa ya wazalishaji wadogo, yalipewa pampu za mkono. Uzuri wa mbinu hii ni kwamba haimwombi mama abadilishe kitu. Anapika mchuzi ule ule wa maharage, ugali ule ule, na ulinzi unaingia pamoja na kiungo ambacho hakosi kukitia.

Mwaka 2004 wapimaji walirudi, safari hii kwa nchi nzima ya Bara. Kazi hiyo ilisimuliwa katika makala ya Vincent Assey na wenzake iliyotoka mwaka 2009. Watoto 140,758 walishikwa shingo. Kila mmoja aliombwa kuja na chumvi kidogo kutoka nyumbani, na sampuli 131,941 zilidondoshewa tone la kimiminika chenye wanga. Chumvi yenye madini joto hugeuka rangi ya bluu iliyoiva kuelekea zambarau papo hapo. Isiyo nayo hubaki nyeupe. Asilimia 83.6 ziligeuka rangi. Katika wilaya zile 27 rovu lilikuwa limeshuka kutoka asilimia 61 hadi 12.3. Ndani ya kizazi kimoja, ugonjwa uliokaa na watu kwa karne nyingi ulipoteza sehemu kubwa ya nguvu zake, na silaha iliyotumika inauzwa dukani kwa shilingi chache. Katika historia nzima ya afya ya umma nchini, mafanikio machache yanastahili kusherehekewa kuliko haya, na machache yamesherehekewa kidogo namna hii.

Anayedhani kwamba shida ilikuwa ya milima tu atazame Pemba. Uchunguzi wa mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulikuta kwamba katika kisiwa hicho, kilichozungukwa na bahari pande zote, karibu theluthi moja ya watoto wa shule walikuwa na rovu, na chumvi iliyotiwa madini joto ilikuwa kwenye nyumba 1 tu kati ya 100. Wapemba walianika chumvi yao wenyewe, na walikula samaki wakiamini bahari inawatosha. Kwenye Ziwa Kivu, mashariki ya Kongo, watafiti wa Kibelgiji waliokuwa Idjwi tangu miaka ya 1960 walikuta upande wa kaskazini wa kisiwa una rovu tele na upande wa kusini magharibi una kidogo, ingawa wote wana upungufu. Tofauti waliikuta kwenye muhogo: usipolowekwa na kuandaliwa vizuri huacha sumu ambayo mwilini hugeuka kuwa kizuizi cha madini joto. Wanaokaa mwambao wa Kirando na Kasanga, ambako muhogo ni chakula cha kila siku, wanayo sababu ya kulishika hili.

Barabara nayo ina nafasi yake katika historia hii. Kwa miaka mingi lori lililotoka Tunduma hadi Sumbawanga lilipita vumbi na tope kwa zaidi ya kilomita 220, na chumvi ya mawe iliyofika kwenye magunia yaliyoloa ilikuwa imepoteza sehemu ya madini yake njiani, kwa sababu unyevu, jua na joto huyafukuza. Lami iliyowekwa kwa fedha za Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani, kwa mkataba uliotiwa saini mwaka 2008, iliifanya chumvi ya pakiti iwe bidhaa ya kawaida Laela na Sumbawanga mjini. Ukifika gulioni bado utaikuta ya kupimwa kwa kopo, imeachwa wazi juani tangu asubuhi.

Shingo zimepungua, na hapo ndipo hatari mpya inapojificha. Tezi inaweza kushindwa kazi bila kuvimba. Palipo na madini joto ya kutosha, tezi nyingi zinazolala hudhoofishwa na kinga ya mwili wenyewe inayozishambulia, ugonjwa ambao Hakaru Hashimoto wa Japani aliueleza mwaka 1912. Ule uchunguzi wa 2004 ulionyesha pia kwamba watoto 35 kati ya kila 100 waliopimwa mkojo walikuwa wanapata madini joto kupita kiasi, na kuzidisha nako kunaweza kuisumbua tezi. Mwanamke ambaye tezi yake imeshindwa bila kuvimba hana alama ya kuonyesha. Ana uchovu, kilo zinazoongezeka, nywele zinazokatika, hedhi isiyoeleweka na mimba isiyoshika.

Dalili hizo zinaweza kumwingiza kwenye njia ya ugonjwa mwingine. Mwaka 1935 Irving Stein na Michael Leventhal wa Chicago walieleza hali ya wanawake 7 waliokosa hedhi na uzazi, ambao ovari zao zilikuwa kubwa na zimejaa vifuko vidogo vya maji. Ndio ugonjwa wa ovari zenye vifuko vingi, ambao kwenye vyeti vya hospitali huandikwa PCOS. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba unawapata wanawake 10 hadi 13 kati ya kila 100 walio katika umri wa kuzaa, na wengi wao hawajijui. Homoni za kiume huzidi, yai halipevuki kwa wakati, hedhi huruka miezi, chunusi hung'ang'ania, ndevu huota kidevuni, na kwa baadhi ngozi ya shingo huwa nyeusi na laini mithili ya mahameli. Andrea Pembe na mwenzake walipowapima wanawake mia moja na ushee waliokuja Muhimbili kwa tatizo la kukosa watoto, karibu theluthi yao walikuwa nao; matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Kwa hiyo huu si ugonjwa wa ng'ambo.

Magonjwa haya mawili yanafanana, na yanapenda kukaa pamoja. Tezi iliyolala huongeza prolaktini, hupunguza ile protini inayozifunga homoni za kiume kwenye damu, na inaweza kuzifanya ovari zijae vifuko kwenye picha ya utrasaundi hata kama mwenyewe hana PCOS. Akitibiwa tezi, vifuko hivyo vinaweza kupungua na hedhi kurudi. Upande wa pili, utafiti uliofanywa Ujerumani na kuchapishwa mwaka 2004 uliwalinganisha wanawake 175 wenye PCOS na wenzao wasio nayo: zaidi ya robo ya wenye PCOS walikuwa na kinga inayoishambulia tezi, ilhali kwa wengine hawakufikia 1 kati ya 10. Ndiyo maana vigezo vilivyokubaliwa na wataalamu Rotterdam mwaka 2003 vinataka magonjwa mengine yanayofanana yaondolewe kwanza kabla ya mwanamke kuambiwa ana PCOS, na ugonjwa wa tezi ni mmojawapo.

Kigezo hicho ni rahisi kukisoma na ni kigumu kukitimiza mbali na miji mikubwa. Utrasaundi imeenea, picha inatoka siku hiyo hiyo, na neno "vifuko" linamwingia mtu moyoni akilisikia. Kipimo cha damu cha TSH, kinachoonyesha ubongo unaiamuru tezi kwa nguvu kiasi gani, huhitaji maabara yenye vitendanishi, na kwa wengine huhitaji safari hadi Mbeya. Matokeo yake mwanamke anaweza kutumia miaka akimeza dawa za kupevusha yai huku tezi yake imelala bila kuguswa. Ndugu wa mume wanahesabu miaka. Mama mkwe anaanza kuuliza maswali ambayo bibi wa Kifipa wa mwaka 1964 angeyatambua mara moja.

Tiba ya tezi ni ya bei nafuu ukilinganisha na mateso inayoyaondoa. Levothairoksini, iliyomo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, humezwa kila siku asubuhi kwa maji matupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya chai, mbali na maziwa, vidonge vya damu na vya chokaa, kwa sababu hivyo huizuia isifyonzwe. Kipimo hurudiwa baada ya wiki 6 hadi 8 ili dozi irekebishwe. Mwanamke akishika mimba dozi huhitaji kupandishwa mapema, wala asiiache kwa kuogopa kumdhuru mtoto, kwa sababu mtoto anaitegemea. Kwa PCOS, kupunguza uzito kidogo kwa mwenye unene, mazoezi, metfomini na letrozoli chini ya usimamizi wa daktari zimewasaidia wengi kupata hedhi na watoto.

Basi mwanamke wa Sumbawanga, Matai, Namanyere au Laela ambaye hedhi yake imepotea, na picha imeonyesha vifuko, amwombe daktari kipimo cha TSH kabla ya kukubali jina lolote la ugonjwa, na akiambiwa hakipo aulize kinapatikana wapi. Mume afuatane naye, naye apimwe. Dukani wanunue chumvi ya pakiti iliyoandikwa kuwa imetiwa madini joto, nyumbani waihifadhi kwenye chombo chenye mfuniko mbali na jiko, na waitie mchuzini mwishoni, chungu kikikaribia kuepuliwa.